Wifi na Pikapu ya Baba Yake

Kaka yangu alimvunja wifi kidole cha kati kwa mlango wa ile pikapu, halafu kesho yake akaenda kuuza huo mlango. Naanza hapo makusudi. Watu wa mtaani kwetu wakisimulia habari hii wanaanza na siku ya damu getini, wanatikisa vichwa, "Mwanamke yule, jamani, mwanamke yule!" Siku alipovunjwa kidole mbona hawakutikisa kichwa hata mmoja? Walikuwa wapi? Walikuwa ndani, wameongeza sauti ya redio.

Mimi ni fundi pancha. Kibanda changu kiko barabarani, nyumba ya pili kutoka kwa kaka, na nimeziba matairi ya mtaa mzima na ya magari yanayopita. Watu wageni wakimwona mwanamke anaruka juu ya tairi kulibandua kwenye rimu wanacheka. Wacheke tu, hata upepo wanalipia. Mdomo wangu nao wanaonijua wanaujua, sina haja ya kujieleza.

Na kaka yangu nampenda. Niseme mapema tusije tukagombana huko mbele. Tumezaliwa tumbo moja, nilipokuwa mdogo naumwa miguu yeye ndiye alinibeba mgongoni kunipeleka shule, na mtoto aliyenizomea njiani alikula kofi mpaka akakaa chini. Kofi lile nililifurahia. Sikujua kwamba mkono huohuo ungekuja kuhamia kwa mke wake. Kazi yake ni udalali: viwanja, makochi, simu, magari, chochote chenye mnunuzi. Akikosa vya watu anauza vya nyumbani. Ana maneno matamu kiasi kwamba unaweza kumkuta anakuuzia sufuria yako mwenyewe na wewe unamshukuru.

Wifi ni mdogo wa umbo. Anafua nguo za watu, na akipita na beseni kichwani unaona beseni kwanza, yeye baadaye. Mama yake alikufa akimwacha ananyonya, baba akamlea ndani ya pikapu. Yule mzee alikuwa anabeba matofali na mchanga, basi mtoto alilala kwenye kiti pembeni ya gia, akala humo, akaota meno humo. Umri ambao wenzake walikuwa wanajifunza kuruka kamba, yeye alikuwa akisikia injini inapiga chafya anasema, "Baba, plagi ya tatu hiyo." Mzee alipokufa, kaka zake wakachukua nyumba na shamba, wakamwachia pikapu huku wanacheka. Akaja nayo kwenye ndoa.

Mwanzoni kaka alivimba kichwa. Mke kaja na gari! Alizunguka nalo mji mzima, kiwiko dirishani, na oili hakuangalia hata siku moja. Wifi alimwambia, akajibiwa kwamba mwanamke hamfundishi mwanamume gari. Injini ikaungua ikakwama. Pikapu ikapandishwa juu ya mawe kule juu ya kiwanja, na hapo ndipo ilipoanza kuliwa. Kwanza betri, kisha magurudumu, kisha stata, kisha kabureta. Kila kaka alipoishiwa alikwenda kule juu na spana akarudi na kitu mkononi. Na kila wifi alipofungua mdomo, alipigwa.

Alishawahi kuondoka mara mbili, kwa miguu, watoto watatu nyuma. Mara ya kwanza kaka alimfuata kituo cha mabasi akamrudisha kwa nywele, watu wanatazama. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu alirudi mwenyewe. Kaka alikwenda akakaa mlangoni kwa yule rafiki aliyempokea, akalia. Analia vizuri kaka yangu, machozi makubwa, pua inachuruzika. Wifi ana ugonjwa huo mmoja tu: akiona machozi ya yule mwanamume anasahau meno yaliyong'oka. Akabeba watoto akarudi.

Jioni ile ya kidole alikuja kibandani, mkono ameufunga kwa kitambaa cha soksi.

"Wifi," akasema, "nataka kuiamsha pikapu ya baba."

"Ile iliyobaki mifupa?"

"Hiyohiyo. Kuna tanuri la matofali mbali huko, mwenyewe alikuwa anafanya kazi na baba. Kasema mtu mwenye gari ana kazi hata kesho, na chumba cha kulala atampa. Ikiamka napakia watoto naondoka. Safari hii sirudi, hata alie damu."

Nikamtazama. Kidole kimevimba kama ndizi, macho makavu. Nikamwambia, "Matairi niachie mimi."

Sasa mtu asidhani kulikuwa na hela. Hela ilikuwa ya kufulia nguo, na nusu ya hiyo kaka alikuwa anaivuta mfukoni. Fundi tuliyekuwa naye ni mzee mmoja wa gereji ya kona, tunamwita Bisibisi kwa wembamba wake. Walikubaliana hivi: wifi atafua maovaroli ya gereji nzima bure, na Bisibisi ataazima zana na kuja kuelekeza. Ovaroli la gereji, ndugu yangu, unalifua mpaka maji yanakuwa lami. Alifua na kidole kile kilichovunjika kimesimama peke yake.

Injini walianza nayo kwa kuibembeleza. Bisibisi alimwambia amimine dizeli na oili chafu kwenye matundu ya plagi, aache ilowe. Kila siku anaongeza. Kisha wakafunga gurudumu la kuazima gereji, wakaweka gia kubwa na kuanza kulisukuma mbele, nyuma, mbele, nyuma. Siku tatu kimya. Siku moja nikasikia kitu kinasema "tak" humo ndani, wifi akakaa chini kwenye vumbi, akamtukana kaka tusi ambalo sikujua kama analijua. Pistoni zilikuwa zimeachia.

Yaliyofuata yote yalikuwa ya kuokoteza. Betri na kabureta kuukuu alituazima Bisibisi. Gasketi alizikata mwenyewe kwenye boksi gumu la viatu, analiweka juu ya chuma anagongagonga ukingo kwa nyundo ndogo mpaka umbo linatoka. Tangi lilivuja, akaziba kwa kipande cha sabuni ya mche. Sakafu ilikuwa imeoza, unaona ardhi, akapigilia madebe ya mafuta ya kula. Kiti cha dereva kilikuwa kreti la soda na godoro la mtoto. Rimu zilitoka gereji, na matairi niliokota yale waliyoyatupa wateja wangu, mengine nikayawekea kipande cha tairi kwa ndani pale palipopasuka. Yalikuwa na rangi nne na upara wa kila namna, lakini yalishika upepo.

Shida ilikuwa kaka. Ukitengeneza mchana, usiku anauza. Ndipo wifi akatunga utaratibu wake. Kila jioni kabla kaka hajarudi, alifungua kilichofunguka: betri, kabureta, kofia ya distributa, koili, nyaya za plagi. Akaviweka kwenye beseni, akafunika kwa mashuka ya wateja, akajitwika, akaja kwangu anatembea taratibu kabisa huku anasalimia watu. Asubuhi beseni lilirudi, akafunga upya. Injini ililala kibandani kwangu chini ya matairi, karibu na kichwa changu. Mikono yake ilizoea mpaka akawa anafunga kabureta bila kuitazama, anaongea na mtoto.

Kaka mwanzoni alicheka. "Mke wangu kawa makanika! Jamani, niombeeni!" Siku alipopata mteja wa betri ndipo kicheko kilipokatika. Alifungua boneti akakuta tupu. Mimi nilikuwa kibandani, nikasikia kwanza kioo. Kile kioo cha mbele kilichobaki kizima, alikipiga nyundo. Kisha nikasikia watoto.

Nilikimbia na spana ya magurudumu mkononi. Nilimkuta amemlaza wifi juu ya boneti, vipande vya kioo chini ya mgongo wake, mkono wa kaka kooni.

"Viko wapi?"

"Vimelala," wifi akasema. Sauti inatoka kwa shida lakini anasema. "Vimelala, baba watoto, usivipigie kelele."

Akampiga ngumi ya mdomo. Wifi akamtemea damu usoni. Akampiga nyingine. Nikasema, "Kaka, mwachie," nikasema tena, na mara ya tatu sikusema. Nilimchapa spana kwenye mbavu. Aligeuka, macho mekundu, akanitambua na hakunitambua, akanipiga kofi lililoniangusha kwenye karai la maji ya sabuni. Mdogo wake mimi! Niliinuka na povu kichwani nikamchapa ya pili, kwenye goti. Akakaa.

"Unampiga ndugu yako kwa ajili ya mtu baki?" akauliza, ameshika goti, ameshangaa kweli.

"Nampiga. Na ukinyanyuka nakuongezea."

Akaanza kulia. Nikamwona wifi anajiinua kutoka kwenye boneti, mgongo unachuruzika damu, na macho yake yanaanza kulainika. Nikamdaka mkono nikamvuta mpaka kwangu, nikamlaza kifudifudi na kumtoa vioo kwa koleo ndogo ya kutolea misumari kwenye tairi. Hakulia. Kila kipande alichosikia kinagonga kwenye kopo alisema, "Bado kabureta, wifi. Kabureta ya Bisibisi inanyonya vibaya. Bado kabureta."

Kabureta nzuri aliipata kwa muuza vyuma chakavu, na aliipata kwa vita. Tulikwenda wote wawili. Yule bwana, kipande cha mtu na tumbo lake, alikuwa na lundo la milango, na katikati ya milango wifi akauona wake. Alama za kucha za utotoni mwake bado ziko kwenye rangi. Akaugusa tu.

"Huo bei yake tutaelewana mimi na wewe kule nyuma," yule bwana akasema, na akamshika kiuno.

Alikuwa ameegemeza mkono wake mwingine kwenye ukingo wa boneti ya lori bovu lililokuwa wazi. Wifi alikipiga teke kile kijiti kilichoshikilia boneti. Boneti ya lori si kitu cha mchezo. Yule bwana alilia mpaka mbwa wa jirani wakajibu. Vijana wake walipotoka na mapanga, wifi alishaokota chuma kirefu na amesimama mbele ya tumbo la bosi wao, vidole vya bosi bado viko ndani.

"Kabureta ile pale juu ya meza," akasema. "Mlango wangu mtakaa nao. Nipeni kabureta nimfungulie."

Wakaitoa. Yeye akaifuta kwa gauni lake, akaichungulia ndani, akapuliza matundu yake mbele ya mapanga kuhakikisha haijaziba. Ndipo akainua boneti. Tulikimbia mpaka nikapoteza kiatu, na njiani akaanza kucheka, na mimi nikacheka, meno yake mawili hayapo na bado alipendeza.

Kikabaki kitu cha mwisho, breki. Breki ukiitia mafuta mapya lazima utoe upepo, na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anakaa kwenye usukani, mwingine analala chini ya gurudumu. Siku hiyo kaka alikuwa ameenda kuonyesha watu kiwanja. Nililala chini mimi, wifi kwenye kreti lake.

"Kanyaga!"

Anakanyaga, anakanyaga.

"Shikilia!"

Nafungua nati ndogo ya kutolea upepo, upepo unatoka unapiga mapovu, mafuta yananimwagikia shingoni. Nafunga.

"Achia!"

Gurudumu moja, jingine, mpaka yote manne. Mwisho pedali ikawa ngumu, akaikanyaga akasema haishuki tena, inamsukuma mguu. Mabomba yote yalikuwa yanameta kwa mafuta kule chini. Breki ya mkono ilishauzwa zamani, na stata pia haikuwepo, lakini kiwanja cha kaka kinateremka kutoka kule juu mpaka getini. Ukitoa jiwe kwenye gurudumu linashuka lenyewe, unaweka gia ya pili, unaachia klachi, injini inashika. Barabarani anashika kulia anaondoka.

"Kesho asubuhi," akaniambia. "Kaka yako akiwa bado kalala."

Jioni ile beseni lilikuja kwangu kama kawaida, na kabureta, na betri, na koili. Kaka alirudi akakuta vifurushi vya nguo vimefungwa chini ya kitanda. Wifi aliniambia baadaye alichofanya. Alikula, akatabasamu, akauliza kama kuna tochi.

Asubuhi tulifunga kila kitu kimyakimya. Watoto wakapanda mbele, wamebanana, mkubwa amemshika mdogo. Mimi nilitoa jiwe, nikakimbia kushuka kufungua geti, lile la bati lenye nguzo mbili za zege. Ni jembamba, gari linapita na kiganja kila upande. Nikasikia nyuma yangu matairi yanakwaruza changarawe, kisha injini ikakohoa, ikakohoa, ikashika! Ilinguruma, na moshi mweupe ukapanda. Nusura nipige kigelegele.

Kaka akatokea pembeni ya nyumba, kifua wazi. Hakuwa na haraka hata kidogo. Alinisukuma nikaangukia bati, akaenda akasimama katikati ya geti, mikono kiunoni, anacheka.

"Njoo!" akasema. "Njoo uone kama itafika. Inazimika sasa hivi!"

Wifi akapiga kelele, "Toka! Toka hapo!"

"Inazimika!"

Haikuzimika. Ule upande haukuwa na mlango, kwa hiyo nilimwona wifi mzima, kuanzia kichwani mpaka vidole vya miguu. Alikanyaga breki. Alikanyaga kwa mguu mmoja, ikazama mpaka kwenye debe, akaongeza mguu wa pili, akasimama kabisa kutoka kwenye kreti, ameshika usukani, shingo imetoka mishipa, anaikanyaga ile pedali kwa uzito wake wote na ilikuwa imelala chini haina kitu. Huku analia jina la kaka. Jina lenyewe, si baba watoto.

Kaka alicheka mpaka bampa ilipokuwa kwenye mapaja yake. Ndipo akaruka pembeni, akachelewa. Mguu ulibaki kati ya bampa na nguzo. Nilisikia mfupa. Watu wanasema wameusikia kutoka nyumba ya nne na sibishi. Pikapu ilimburuza kwenye nguzo, ikamwachia, ikavuka barabara ikazama pua kwenye lundo la mchanga wa jirani anayejenga.

Mguu ulikuwa umegeuka upande ambao mguu haugeuki. Damu ilitoka kwa kuruka. Wifi alihakikisha watoto ni wazima, akaja anakimbia, akachana shuka la mteja kwa meno, akalikaza juu ya goti kwa spana, anazungusha, anazungusha, kaka anapiga mayowe na kumng'ata bega. Alimng'ata kweli, alitoa nyama. Wifi hakuachia.

"Gari!" akasema. "Jamani, nani ana gari?"

Hakuna mwenye gari mtaani kwetu. Gari lilikuwa lile.

Wanaume wakaichomoa mchangani, wakatupakia nyuma mimi na kaka, na jiwe kubwa niliomba wanipe. Wakasukuma, ikashika. Tulikwenda hospitali bila breki, gia ya kwanza, injini inalia, na penye mteremko wifi aliisugua kwenye ukingo wa barabara tairi zikachubuka ili ipunguze. Kwenye makutano alipita tu. Baiskeli ya muuza mkaa iliruka huku, magunia kule, nikasikia matusi ya ukoo mzima.

"Mwambie apunguze!" kaka akalia.

"Hana breki, kaka! Imezama! Jana ilikuwa nzima, nimeitoa upepo kwa mikono yangu!"

Akashika ukingo wa bodi. Midomo ilikuwa imeshaanza kuwa myeupe. Akasema, "Ile bomba nyembamba ya chini. Yenye mafuta mafuta."

"Imefanyaje?"

"Nimeikata jana." Akanitazama kama mtoto. "Si ndiyo ya petroli ile?"

Mungu wangu! Kauza magari miaka yote, kayasifia kwa watu, na hajui bomba la petroli na bomba la breki. Aliwasha tochi akakata kile kilichokuwa kinameta. Alisimama getini akisubiri injini ife kiu. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, nikabaki nimeshika lile shuka.

Hospitalini wifi aliigongesha pikapu taratibu kwenye ngazi, nikaruka nikatupa jiwe nyuma ya gurudumu. Wauguzi wakaja na kitanda cha magurudumu. Alishuka, injini inatikisika, mkono mmoja ameuacha karibu na swichi. Kaka akanyoosha mkono kutoka kitandani.

"Mama watoto. Usiniache. Nimekosa. Usiniache mke wangu."

Na machozi yake. Makubwa. Safari hii yalikuwa ya kweli kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. Nikauona uso wa wifi unalainika palepale, bega linachuruzika damu pale alipong'atwa na bado unalainika. Vidole vikaenda kwenye swichi.

Nikamsogelea sikioni. "Wifi, ukizima hapa hakuna wa kukusukuma."

Vidole vikasimama. Akamtazama kaka, akawatazama watoto mle mbele. Akapanda. Nikaondoa jiwe kwa mikono yangu mwenyewe nikalitupia nyuma. Ilirudi kinyumenyume, ikageuka, ikatoka kwenye geti la hospitali gia ya kwanza, inanguruma na moshi wake. Kaka alikuwa anaita mpaka milango ikafungwa. Baadaye Bisibisi aliniambia alipita kwake, akamfungia bomba jingine la kuokoteza, mke wa Bisibisi ndiye aliyekanyaga pedali, na wifi akalala chini mwenyewe kutoa upepo. Kisha akaondoka.

Mguu haukukatwa, lakini si mguu tena. Daktari alipouliza, kaka alisema jeki iliteleza. Askari alipokuja akasema hivyohivyo. Aibu labda, sijui. Nilikaa naye pale kitandani, nikamlisha, nikamwosha, maana ni kaka yangu na hana mwingine. Siku nyingi alikuwa anatazama dari tu. Nilijua anapiga hesabu zake. Nilijua akipona tu, hata kwa mkongojo, atafika hadi lile tanuri, atakaa mlangoni na kulia.

Siku moja nilikuwa namgeuza ubavu akanishika mkono.

"Wewe ulikuwa pale. Uliona ndani. Niambie kitu kimoja tu."

"Sema."

"Alikanyaga?"

Nikajifanya sielewi. Akakaza mkono.

"Breki. Najua ilikuwa imekatika, mimi ndiye niliyeikata. Lakini yeye hakujua. Alipiga kelele nitoke. Nataka kujua alikanyaga, au hakukanyaga."

Niliyaona macho yake. Yalikuwa yameshajibu kwamba alikanyaga, yalikuwa yanangoja mimi niitikie tu. Na nilimwona wifi amesimama wima kwenye ile pedali, miguu yote miwili, analia jina lake. Ningemwambia, kaka yangu angelala usingizi usiku huo. Na mwezi ukiisha angekuwa barabarani kumfuata.

"Hakukanyaga," nikasema.

"Hata kidogo?"

"Alikanyaga mafuta, kaka. Nilimwona kwa macho yangu. Alikuona na akakanyaga mafuta."

Akaniachia mkono. Akageukia ukutani, akalia bila sauti, kilio ambacho sikuwahi kukiona kwake, na mimi nilichukua beseni nikaenda kumwaga maji. Sasa anatembelea mkongojo. Anakuja kibandani kwangu kila siku, anakaa, tunaongea habari za watu. Hajawahi kuniuliza wifi anaishi wapi.